Kavu Juu, Maji Chini

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuwekwa na Imam Muslim katika Sahihi yake, Mtume Muhammad (S.A.W.) anapita sokoni na kukuta lundo la nafaka. Anatia mkono ndani, na vidole vinakutana na umaji. Anamuuliza mwenye mali kulikoni. Anajibiwa kwamba ilinyeshewa na mvua. Hapo muuzaji anaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, na linafuata onyo kali kwamba mwenye kughushi si mmoja wa watu wa Mtume. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama fundisho la uaminifu, kisha kikaachwa hapo. Lakini ukikitazama vizuri kina ajabu yake. Muuzaji hakusema uongo. Hatusikii neno lolote kutoka kinywani mwake kabla ya kuulizwa, na alipoulizwa alisema kweli tupu. Nafaka ya juu ilikuwa kavu kwelikweli. Kosa lake lote limo katika mpangilio: kipi kiko juu, kipi kiko chini, na jicho la mpita njia litaishia wapi. Alihukumiwa, tungesema leo, kwa picha.

Swali linalotoka hapo si dogo. Picha isiyo na neno hata moja inaweza kusema uongo? Na kama inaweza, mfanyabiashara anayesimulia habari za mali yake kwa picha, nembo na video anabeba mzigo gani kwa kile atakachokiamini mtazamaji? Zamani swali hili lilikwepeka. Picha ilimwelekeza tu mnunuzi dukani, na dukani aliikuta mali yenyewe ya kupapasa, kunusa na kuonja. Leo muuza viatu wa Kariakoo anaweza kuwa na wateja Mwanza na Mbeya ambao hawatakanyaga dukani kwake maisha yao yote. Kwao picha ndiyo duka, ndiyo kauli ya muuzaji. Na yale malalamiko ya kila siku mtandaoni, ya kuweka bega kwa bega picha ya gauni lililoagizwa na picha ya gauni lililoletwa, yanachekesha, lakini ni malalamiko ya nafaka ile ile iliyonyeshewa.

Jibu jepesi ni la Plato. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anamshtaki mchoraji kwamba kazi yake iko mbali na ukweli: kuna umbo halisi la kitanda, kuna kitanda alichokitengeneza seremala kwa kuliiga umbo hilo, na kuna kitanda cha mchoraji, ambacho ni mwigo wa mwigo. Kwa hesabu hiyo kila picha ni ya kushukiwa. Naliona shtaka hili kuwa pana mno kiasi kwamba halimkamati mtu. Linalowafunga kwa kamba moja mchoraji wa mkufu wa dhahabu na mchoraji wa mkufu wa shaba iliyosuguliwa halimsaidii mnunuzi wa mkufu. Augustino wa Hippo alilenga karibu zaidi. Katika risala yake juu ya uongo, aliyoiandika mnamo mwaka 395, alimweleza mwongo kuwa ni mtu mwenye jambo moja moyoni huku akilitoa jingine kwa maneno au kwa ishara yoyote ile. Nyongeza hiyo ya ishara inabadili kila kitu. Uongo unahama kutoka mdomoni na kwenda kwenye kusudi, na kusudi linaweza kupita katika mkono unaopanga mafungu ya nyanya, kubwa mbele na zilizopondeka nyuma, sawasawa na linavyopita katika ulimi. Lugha yetu inalikubali hilo bila kubishana. Kuona, kuonya na kuonyesha ni vitenzi vya mzizi mmoja; anayeonyesha anamfanya mwenzake aone. Tendo la macho ni la mtazamaji, lakini sarufi yenyewe haimruhusu aliyelisababisha ajitoe. Hata neno kughushi, ambalo siku hizi tumelifungia kwenye vyeti vya shule na hati za viwanja, asili yake ni lile lile la Kiarabu lililotamkwa mbele ya lundo la nafaka, na huko lilikuwa na uwanja mpana kuliko huu tulioliachia.

Anayetaka kumtetea muuzaji anaweza kumwita shahidi mzito, Immanuel Kant, mtu ambaye kwa ukali dhidi ya uongo ni vigumu kumpata mwenzake. Katika mihadhara yake ya maadili Kant alitoa mfano wa mtu anayefungasha mizigo yake mbele ya watu. Watazamaji wanadhani anasafiri, na huenda yeye mwenyewe ndivyo anavyotaka wadhani, lakini hajawaambia kitu. Wamehitimisha wenyewe, na hawana haki ya kumdai awatangazie nia yake. Kwa nini basi muuzaji asiseme vivyo hivyo: mimi nimeweka picha, hitimisho ni lenu? Jibu limo ndani ya mfano wenyewe. Mtu wa Kant anafungasha mizigo katika mambo yake binafsi; hakumwita jirani aje atazame. Muuzaji ameita. Amelipia nafasi ya tangazo, amechagua saa ambayo watu wako kwenye simu, ameweka bei pembeni. Anajua kwamba anayetazama anauliza swali moja tu, nikitoa fedha nitapata nini, na picha imewekwa mahali hasa panapotolewa jibu. Ukimya wa mtu asiyedaiwa jibu haufanani na ukimya wa mtu aliyesimama kizimbani.

Wanazuoni wa fikihi wana mfano mwingine unaolifikisha jambo hili mwisho kabisa. Kuna Hadithi inayokataza kumwacha mnyama bila kukamuliwa kwa siku kadhaa kabla ya kumuuza, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo anapewa siku tatu: akitaka atakaa naye, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Hebu tazama kilichokatazwa. Kiwele ni cha kweli, maziwa ni ya kweli, hakuna kilichopakwa rangi wala kuongezwa maji. Kila sehemu ya picha ni kweli, na picha nzima ni uongo. Kwa hiyo yule anayejitetea kwamba hakuhariri picha yake hata kidogo hajajitetea kwa lolote.

Ushahidi wa karne ya ishirini unafanana na huo kwa namna ya kushangaza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Campbell ya Marekani ilikuwa ikitengeneza matangazo ya supu yake ya mboga. Vipande vya mboga vilizama, kama ilivyo tabia yake, na kamera ikaona mchuzi mtupu. Basi zikatandikwa gololi za kioo chini ya bakuli. Vipande vikapanda juu, na bakuli likaonekana limesheheni. Tume ya Shirikisho ya Biashara ikaingilia kati, na mwaka 1970 shauri likaishia kwa kampuni kukubali kuiacha mbinu hiyo. Utetezi haukuwa wa kipuuzi, na unastahili kusikilizwa: mboga zimo kweli, ila hazionekani, gololi haziongezi hata kipande kimoja cha karoti, zinainua kilichopo. Ukweli nao wakati mwingine huhitaji kusaidiwa ili uonekane. Nakubali. Lakini kama tatizo lilikuwa kuonekana tu, ungetosha upawa mmoja unaochota kutoka chini na kuinuliwa mbele ya kamera, na mtazamaji angeona hasa kiasi kinachopatikana humo. Upawa ungefanya kazi ya mkono ule uliotiwa ndani ya lundo. Gololi zilifanya kinyume chake, zilijaza chini ili mkono usifike.

Kesi ya pili ni nzuri zaidi kwa mtu anayependa kupambanua mambo. Kampuni ya Colgate-Palmolive ilionyesha katika televisheni krimu yake ya kunyolea, Rapid Shave, ikipakwa kwenye msasa, kisha wembe unapita na msasa unanyoleka papo hapo. Kilichonyolewa hakikuwa msasa. Kilikuwa kipande cha plastiki ngumu kilichomwagiwa mchanga. Msasa wa kweli ulihitaji kulowekwa kwa dakika 80 hivi, na juu ya hayo, kwenye televisheni za wakati ule ulionekana kama karatasi ya kawaida tu. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1965 iliamua dhidi ya kampuni. Hoja ya mahakama haikusimama juu ya swali la kama krimu inaweza kulainisha msasa. Hata kama ingeweza, mtazamaji aliaminishwa kwamba anashuhudia jaribio kwa macho yake mwenyewe, na hakuwa akilishuhudia. Hapo hapo mahakama ikagusia aiskrimu. Chini ya taa kali za studio aiskrimu huyeyuka, basi huwekwa viazi vilivyopondwa badala yake. Ikiwa familia imekaa mezani inafurahi na aiskrimu ni kifaa tu cha mchezo, hakuna neno. Ikiwa viazi hivyo vinaonyeshwa ili kuthibitisha rangi na ulaini wa aiskrimu inayouzwa, neno lipo.

Hapa ndipo ninapoweka nguzo ya hoja yangu. Viazi vya meza ya familia na gololi za bakuli vyote ni bandia, na kimoja hakikizidi kingine kwa ubandia. Kinachovitenga ni kazi ambayo picha imepewa. Kuna picha inayopamba, na kuna picha inayotoa ushahidi, na kila moja ina deni lake. Ya kwanza inadaiwa adabu tu. Ya pili inadaiwa ukweli, na ukweli huo haupimwi kwa kuchunguza picha peke yake. Unapimwa kwa kulinganisha juu na chini, kwa kuuliza kama mkono ukiingia utakuta kile ambacho jicho liliahidiwa. Njia rahisi ya kujua picha iko upande gani ni kumfikiria mnunuzi akifunuliwa jinsi ilivyotengenezwa. Aliyeambiwa kwamba aiskrimu ya mezani ilikuwa viazi atacheka. Aliyeambiwa habari za gololi atadai fedha zake.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni uchungu wa bure, kwa kuwa kila mtu anajua matangazo hutia chumvi, na mchezo unaojulikana na wachezaji wote si udanganyifu. Mshairi akimwita mpenzi wake mwezi hatumpeleki mahakamani. Hoja hii ina nguvu mpaka uulize bei ya gololi. Kampuni haitumii muda, mafundi na fedha kutengeneza kitu ambacho inajua hakitaaminiwa. Gharama yenyewe ni ungamo. Mshairi hataki uamini kwamba mpenzi wake ana mashimo na anazunguka dunia. Mtengeneza tangazo anataka uamini kwamba bakuli limejaa. Na hata kama wajuzi wa mji wote wangekuwa wanapunguza nusu ya kila wanachokiona, bado yupo asiyejua. Desturi ya zamani ya biashara iliyokatazwa katika Hadithi, ya watu wa mjini kuutokea msafara njiani na kununua mali kabla wenye mali hawajafika sokoni kujua bei, ilikatazwa kwa ajili ya mgeni huyo. Mtu mjuzi hahitaji kanuni. Anayehitaji ni mama wa kijijini aliyenunua simu juzi, anayeona picha ya jiko la gesi na kutuma fedha.

Kwa upande mwingine, sitaki hoja yangu imeze kila kitu, maana ingerudi kuwa shtaka la Plato. Nembo nyingi za biashara hazishuhudii chochote kuhusu mali, na hazina deni la aina hiyo. Bia ya Tusker ina tembo kwenye chupa yake. Inasimuliwa kwamba jina lilitokana na George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda hicho cha Kenya kilichoanza mwaka 1922, ambaye aliuawa na tembo mwaka uliofuata. Hakuna mnywaji anayedhani amenunua sehemu ya mnyama. (Kwa msemaji wa Kiswahili kuna kichekesho cha ziada, kwani tembo kwetu lilikuwa jina la kinywaji muda mrefu kabla ya kiwanda chochote.) Picha ile inasimulia kumbukumbu, na kumbukumbu ni haki ya mwenye nayo. Kigumu zaidi ni mfano aliouchambua mhakiki Roland Barthes mwaka 1964: tangazo la Panzani lenye tambi, nyanya, pilipili hoho na kikapu cha wavu, vyote katika njano na kijani juu ya usuli mwekundu, rangi tatu alizozisoma kuwa ishara ya Italia. Kampuni ilikuwa ya Ufaransa. Barthes alionyesha kwamba Mfaransa alikuwa akiuziwa pamoja na tambi hewa fulani ya Uitaliano ambayo haijasemwa popote. Ni pambo au ni ushahidi? Nikilipitisha kwenye kipimo changu, nadhani wanunuzi wengi wangecheka, wachache wangekunja uso. Naliacha hapo. Kipimo kisicho na mahali pa kusitasita labda hakijapima kitu.

Sisiti hivyo mbele ya picha ya mkulima anayetabasamu. Paketi za chai na kahawa zinaipenda: mwanamke mwenye kikapu mgongoni, majani mabichi yamemzunguka, ukungu wa asubuhi kwa mbali, iwe ni Kericho, Limuru au Mufindi. Mwanamke ni wa kweli, shamba ni la kweli, na tabasamu huenda lilikuwa la kweli siku ile. Kama picha inasema tu kwamba chai ni jani na jani hulimwa mahali pazuri, ni pambo. Lakini ikisimama karibu na maneno kwamba kila kikombe kinabadili maisha ya mkulima, imehamia kizimbani, na sasa lundo lina chini yake: malipo ya kilo moja ya majani, nani anayakata, mwenye kikapu anabaki na nini. Mtengeneza picha atasema hakuwa na nia mbaya, alitaka kusimulia habari njema. Simkatalii nia. Namuuliza kama angekuwa tayari kuchapa bei ya kilo chini ya tabasamu hilo. Akiwa tayari, na mkono ukakuta kavu, picha yake ni halali kuliko matangazo mengi. Asipokuwa tayari, basi ameukamua uso wa yule mwanamke mara mbili, mara moja kwa mnunuzi na mara moja kwa mwenyewe, ambaye hakuulizwa kama tabasamu lake litumike kuthibitisha jambo hilo. Wahenga wana picha yao kwa hali hii: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wahenga hao hao wana methali ambayo mtu mwenye msimamo mkali anaweza kuitupia hoja yangu yote: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nini kushughulika na picha halali na haramu wakati mali njema haihitaji picha? Napenda ukavu wa methali hii lakini siamini kwamba inasema kweli ya soko la leo, na sidhani ilisema kweli yote hata zamani. Asali ya Tabora haijiuzi Nairobi. Lazima mtu aionyeshe. Mfumaji wa mikeka anayekataa kupiga picha kwa sababu kazi yake ni nzuri mno atabaki na uzuri wake na mikeka yake. Ipo methali nyingine, ya chanda chema kuvikwa pete, na hiyo naiona ina busara zaidi kwa jambo letu, kwani haikatai pambo. Inauliza tu kuhusu chanda. Mtume naye hakumwamuru yule muuzaji aondoe lundo sokoni, wala amwage nafaka. Alimtaka abadili mpangilio. Nafaka iliyolowa ina bei yake, na mnunuzi wake yupo, mradi iwe juu.

Tatizo la pekee la wakati wetu ni kwamba picha imeuondoa mkono. Sokoni Feri, Dar es Salaam, muuzaji humwagia samaki maji ili abaki na ubaridi na kung'aa, na maji hayo hayo yanaweza kumng'arisha samaki wa jana. Mnunuzi hagombani na maji. Anafunua matamvua, akiyaona mekundu ananunua, akiyaona yamefifia anakwenda meza ya pili. Ujanja wa meza umekutana na ujanja wa kidole, na biashara imekwenda. Samaki wa kwenye simu hana matamvua ya kufunua. Sasa zipo hata picha zilizotungwa na kompyuta, za sahani ya pilau ambayo haijapikwa na chumba cha hoteli chenye dirisha la bahari isiyoonekana kutoka chumba chochote. Ila zimezidisha tu hali iliyokuwapo. Sheria ya Kiislamu iliwahi kukutana na mnunuzi asiye na mkono. Madhehebu ya Hanafi yakampa hiari, neno tulilolichukua kutoka huko huko, ya kuukataa mkataba akishakiona kitu. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, katika kauli yenye nguvu hayakuiridhia biashara ya kitu mahususi ambacho hakijaonekana. Pande mbili zimetofautiana juu ya dawa, zimekubaliana juu ya ugonjwa: aliyenyimwa kuona anadaiwa kitu na aliyemnyima.

Deni hilo, nadhani, linamwangukia anayepiga picha. Kama mnunuzi hawezi tena kufunua, muuzaji ndiye wa kufunua kwa niaba yake, na kama hilo linaonekana kuwa sharti la walokole na masheikh ambalo hakuna mfanyabiashara wa kawaida atakayelifuata, watazameni baadhi ya wauzaji wa mitumba mtandaoni. Picha ya kwanza ni ya koti limetundikwa, mwanga mzuri, mikono imenyooshwa. Ya pili ni ya lebo. Ya tatu imepigwa kwa karibu sana mpaka nyuzi zinahesabika, na kidole cha muuzaji kimeingia katika fremu kikielekeza doa la ukubwa wa shilingi chini ya kwapa la kushoto.